Kisanduku Chenye Tiki

Shaabani ya mwaka jana tulikaa dakani kwa Ami, mtaa wa Langoni hapa Lamu, kugawa kodi ya maduka ya wakfu wa familia yetu, yaani mali iliyotengwa kwa sadaka, kama kila mwaka. Tulikuwa saba. Ami kitini kwa sababu ya magoti, Shangazi wa Shela mkekani na miguu kainyoosha, na mimi na daftari mapajani, maana tangu marehemu baba afariki hesabu ziliniangukia mimi. Pembeni mwa sinia la kahawa palikuwa na barua kumi na moja za waombaji.

Ya tisa ilikuwa na kurasa tatu, imepigwa chapa, ina bajeti na muhuri. Mtu wa bara, kutoka Hindi, mji ulio ng'ambo ya kisiwa chetu, aliomba mbao za kutengenezea madawati ya chuo chake cha Kurani. Bei ya kila ubao ilikuwapo, na hata nauli ya pikipiki. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote kumi na moja, na nasema hivyo kama mtu anayeshinda na hesabu kutwa. Ami akaisoma huku ameinua miwani, kisha akauliza, "Ni nani huyu?" Tukatazamana. "Mtoto wa nani?" akauliza Shangazi. Hakuna aliyejua. Ami akaikunja mara mbili, akaipachika chini ya birika lisitikisike, tukaenda ya kumi.

Ya kumi ilikuwa nusu karatasi ya daftari la shule, kalamu ya kijani, ya mama mmoja wa mtaani petu ambaye mwanawe anatibiwa Mombasa. Hakuandika kiasi. Tulimpa shilingi 25,000 kabla kahawa haijapoa.

Sikusema kitu usiku ule. Lakini nilipofika nyumbani usingizi haukuja, kwa sababu kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa yule mtu wa barua ya tisa.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mchana naweka hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, rangi, mabati, na saruji inayopanda mtaani kwa punda. Jioni mimi ni katibu na mweka hazina, yaani kila kitu kasoro mwenyekiti, wa kikundi kidogo kinachokarabati majabia upande wa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Jabia, kwa msiotoka kwetu, ni tangi la kuhifadhia maji ya mvua, limechimbwa chini, na juu pana uwanja uliosakafiwa unaokusanya mvua na kuimwaga ndani. Huko ukichimba kisima unapata maji ya chumvi, basi watu wanakunywa mbingu. Majabia ya zamani yalijengwa vizuri mno, lakini sakafu hupasuka, mizizi hupenya, na tangi likivuja hakuna anayeona. Unaona tu maji yameisha mwezi Januari badala ya Machi.

Kulikarabati moja ni kazi ya waashi watatu na wiki tatu au nne. Kwa bei za wakati ule tulihesabu shilingi 380,000, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ni kusafirisha saruji na mchanga kwa mashua. Si fedha nyingi kwa mfadhili, ila kwetu ni nyingi.

Nilianza kuwaandikia wakfu za familia za ng'ambo mwaka 2017. Mtu wa mradi mmoja mkubwa aliniambia hao ndio wa kuwaandikia, kwa kuwa hawana urasimu wa serikali zao, ni matajiri wenye moyo tu. Nikapata orodha mtandaoni. Nikaandika barua moja nzuri, nikaituma mara arubaini na moja. Ile ya kumi na nne niliituma kwa wakfu wa Boston nikiwaita kwa jina la wakfu wa London. Niligundua siku ya pili, nikaandika kuomba radhi, na katika kuomba radhi nikakosea tena herufi za jina lao. Cheka tu, mimi pia nacheka sasa.

Walionijibu ni tisa. Saba walisema hapana kwa adabu. Mmoja alisema wao ni wa mji wao tu. Wa mwisho, wakili, aliniarifu kuwa mzee aliyeanzisha wakfu amefariki na fedha zote zimekwisha kugawiwa kama alivyousia. Thelathini na mbili kimya. Kila mwaka nikaiboresha barua. Nikaongeza picha. Nikajifunza kuandika "wanufaika wa moja kwa moja" na "wanufaika wasio wa moja kwa moja", maneno ambayo mama wa kalamu ya kijani hayajui na hayahitaji.

Kosa langu lilikuwa kudhani kuna mtihani. Nilidhani mahali fulani pana chumba, pana watu wenye kalamu nyekundu, barua zinasahihishwa, na aliyeandika vizuri anapita.

Tuanze na neno lenyewe. Redio ikitangaza Wakfu wa Ford au Wakfu wa Rockefeller, bibi yangu alikuwa akidhani ni maduka ya msikiti. Tulimcheka, lakini hakuwa mbali sana. Hizo mbili ni za zamani, Rockefeller wa 1913 na Ford wa 1936, na leo zina maofisa, idara na matangazo ya maombi. Kule labda pana chumba na kalamu nyekundu. Wakfu wa familia ninaouzungumzia mimi ni kitu kingine. Mzee alifanya biashara, akauza kiwanda, akatenga fedha zikawekezwa, na faida yake itolewe sadaka. Bodi ni mke, watoto, wajukuu na wakili. Nyingi hazina mfanyakazi hata mmoja. Barua yako haifiki kwa afisa. Inafika kwenye sanduku la posta la ofisi ya mhasibu, au kwenye barua pepe ambayo bibi wa miaka themanini huifungua akikumbuka.

Sasa njoo kwetu. Babu wa babu yangu aliacha maduka mawili wakfu, na karatasi ya masharti. Sehemu ya kwanza, mafuta ya taa za msikiti. Ya pili, kumsomea yeye hitima. Ya tatu, "mafakiri wa mtaa". Ami ndiye mutawali, yaani msimamizi. Umeme ulipoingia, wazee waligombana mwaka mzima: balbu ni mafuta ya taa, au si mafuta ya taa? Mpaka mwanachuoni mmoja akawaambia aliyetoa alitaka watu wasiswali gizani, basi lipeni umeme. Mpaka leo daftari langu lina safu iitwayo "mafuta" na ndani yake naandika tokeni za stima. Ugomvi wa sasa ni neno "mtaa". Je, Wiyoni ni mtaa wetu? Alipoandika, mtaa wake ulikuwa nyumba thelathini anazozijua kwa majina. Wajukuu wa hao watu sasa wako Wiyoni, wako Mokowe, wako Mombasa, na wengine wako Jeddah hawahitaji kitu.

Nimekuja kujua kuwa Wamarekani wana ugomvi huu huu. Babu aliandika fedha ziende kwa watoto wa wilaya yake, akafa. Wajukuu mmoja yuko California, mwingine New York, na hiyo wilaya wameiona kwenye mazishi tu. Wanabaki wanavutana kati ya alichoandika mzee na wanachokipenda wao. Familia nyingi hutafuta suluhu kwa kumpa kila mwanabodi fungu lake dogo la kutoa anapotaka, bila kupigiwa kura na wengine. Kumbuka hilo fungu dogo, nitalirudia.

Kilichonifumbua macho ni fomu ya ushuru. Mwaka 2023, baada ya kukataliwa mara nyingine, kijana mmoja wa chuo kikuu aliyekuja dukani kununua kitasa aliniuliza kama nimewahi kusoma fomu za hao ninaowaandikia. Fomu gani? Akanionyesha kwenye simu yake, pale pale kaunta, wateja wakingoja.

Inaitwa Fomu 990-PF. Kila wakfu binafsi wa Marekani lazima uipeleke kwa mamlaka ya ushuru kila mwaka, na sheria inataka iwe wazi kwa yeyote. Mashirika ya kule yanaiweka mtandaoni bure. ProPublica wanayo, Candid wanayo. Ndani mna mali ya wakfu, majina ya wanabodi, na, nikataka kulia, orodha ya kila waliyempa, na kiasi. Miaka sita nilikuwa nikigonga milango gizani na kumbe kila nyumba ina kibao mlangoni.

Kuna mambo mawili ya kuyajua kuhusu sheria yao, na nitayapita haraka. Tangu sheria ya ushuru ya mwaka 1969, wakfu binafsi hauwezi kukalia tu fedha zake. Leo kiwango ni takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake kila mwaka. Mwenye dola milioni 10 lazima atoe kama dola 500,000, na gharama za uendeshaji za kawaida huhesabiwa humo. Asipotoa anatozwa faini. Kwa hiyo hawakufanyii hisani tu, pia wana tarehe ya mwisho. Wengi hufunga mwaka Desemba, na barua ya Januari, kama zile nilizokuwa nikiandika mimi kila mwaka mpya kwa bidii ya maazimio, huwakuta wameshiba. Uingereza hakuna hiyo asilimia, ila hesabu za wakfu zake nazo zinaonekana kwenye daftari la tume inayosimamia mashirika ya hisani.

Jambo la pili ni kisanduku. Karibu na mwisho wa ile fomu pana sehemu ya kueleza namna ya kuomba: anwani, tarehe, masharti. Na juu yake pana kisanduku kidogo cha kutia tiki iwapo wakfu unatoa kwa mashirika uliyokwisha kuyachagua wenyewe na haupokei maombi usiyoyaita. Nilikaa na bando langu usiku mmoja nikapitia orodha yangu ya arubaini na moja. Zile za Marekani zilikuwa thelathini na nne. Ishirini na sita zilikuwa na tiki.

Ishirini na sita! Walisema wazi, kwa maandishi, kwa serikali yao: msituandikie. Na mimi nikawaandikia, na picha nikatia.

Nilikasirika kwanza. Nikaona ni klabu ya watu wanaojuana. Halafu hasira ikageuka udadisi, maana orodha za waliopewa zinasomeka kama hadithi. Unaona shule ileile miaka kumi mfululizo. Unaona hospitali inaingia ghafla na fedha nyingi mwaka mmoja, ukitazama wanabodi unakuta jina moja limepungua, unaelewa nani aliugua. Unaona zahanati ya Guatemala peke yake katikati ya makanisa na maktaba za mji mmoja, unajua kuna mtoto wa familia aliyekwenda kujitolea huko. Anayetoa dola 2,000 kwa kila mtu usimwombe 50,000. Anayeongeza jina jipya moja tu kila miaka mitatu ana mlango mwembamba sana. Wengi hawachagui kila mwaka. Wanaendelea na walewale, na nafasi ikipatikana wanamuuliza yule wanayemwamini, "Wamjua nani?"

Nikatafuta neno "Lamu" ndani ya fomu. Yakatokea machache, na moja likanisimamisha. Wakfu wa familia moja ya katikati ya Marekani, si mkubwa, kila mwaka ulikuwa ukituma fedha kwa shirika la hukohuko kwao, na pembeni pameandikwa kwamba ni kwa ajili ya shule fulani ya Lamu. Shule yenyewe naijua. Mwalimu mkuu wake hununua rangi kwetu.

Nilimwendea Jumamosi. "Ah, huyo Bibi," akasema. Alikuja na mumewe zamani, wote vijana, wakakaa wiki tatu, na mwanamke mmoja wa hapa alimwuguza alipopata homa. Hakusahau. Mwalimu alinitazama kwa mshangao. "Yaani miaka yote hii wewe wahangaika na hukuniuliza?" Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nikiandika Boston.

Mwalimu alimtumia mjukuu wa yule Bibi ujumbe wa WhatsApp. Sentensi mbili. Nimeomba ruhusa ya kuinukuu moja: "Huyu namjua, ananiuzia rangi na hajawahi kunipunja." Miaka sita ya barua, na kilichofungua mlango wenye tiki ni debe la rangi.

Mjukuu alipiga simu ya video mwezi wa Novemba. Kijana wa miaka thelathini na kitu, yuko jikoni kwake, mtoto begani, nyuma yake friji imejaa michoro ya watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya wanufaika. Nilikuwa na takwimu kwenye karatasi mbele yangu. Akaniuliza matatu tu. Ufunguo wa kifuniko cha jabia anakaa nao nani? Likipasuka tena miaka mitano ijayo, nani atalipa? Na fedha anazihesabu nani, na nani anamhesabia yeye?

La kwanza nilijibu bila kufikiri: funguo ni mbili, moja kwa imamu, moja kwa mwanamke mwenye nyumba ya karibu zaidi, kwa kuwa imamu husafiri. La pili likanikwamisha. Nikamwambia ukweli kwamba kila nyumba hutoa shilingi 20 kwa wiki, lakini wakati wa upepo wa kusi, wavuvi wakikosa kutoka, hazitolewi, na kwa sasa mfukoni mna shilingi 11,400. Nilidhani nimeharibu. Baadaye aliniambia ndipo alipoamua, kwa sababu wengine wote humwambia mradi "utajiendesha".

Nilimuuliza na mimi, kwa nini tiki? Akacheka. Wakili ndiye aliyeitia. Bibi alikuwa akilia akisoma barua ambazo hawezi kuzijibu.

Alichotupa hakikuwa fedha za bodi. Bodi, alisema, ina mjomba ambaye hapendi kitu kisichopigwa picha kikifunguliwa, na jabia la zamani halina hata pa kubandika kibao. Alitoa lile fungu lake dogo, dola 5,000. Hakuna aliyepiga kura. Kijana jikoni, mtoto begani.

Kutoka "ndiyo" mpaka benki ilichukua miezi tisa, na hapa ndipo ningependa mtu wa kule asome. Wakfu wa Marekani ukimpa mtu wa nje asiyetambuliwa na mamlaka yao ya ushuru, una njia mbili ngumu: uthibitishe kwamba yeye ni sawa na shirika la hisani la kwao, au ubebe dhamana ya kufuatilia matumizi, kwa uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, fedha zitengwe, na ripoti kila mwaka mpaka ziishe. Familia isiyo na karani haitaki hata moja. Hivyo hupitishia fedha kwa shirika la katikati ambalo kazi yake ndiyo hiyo, nalo hukata asilimia yake. Shirika hilo likataka katiba yetu, kumbukumbu za mikutano, taarifa za benki za miaka miwili, na cheti. Cheti chetu ni cha kikundi cha kijamii, chini ya sheria ya mwaka 2022. Wao walitaka kujua kwa nini si shirika lisilo la kiserikali. Katikati ya kueleza, Mei 2024, sheria ya mashirika ya manufaa kwa umma, iliyopitishwa tangu 2013, ikaanza kutumika, na ikabidi nieleze upya kwamba hata hiyo haikutugusa.

Halafu majina. Kabla ya kutuma fedha hulinganisha majina ya viongozi na orodha ya vikwazo ya Hazina ya Marekani. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye mashua moja na punda wawili, ana majina matatu ambayo ukiyaita kwa sauti pale uwanja wa Mkunguni watageuka watu sita. Yakagonga. Kwa wiki saba tulithibitisha kwamba yeye si mtu mwingine. Tulituma kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la babu. Mzee aliniuliza, "Hao wataka nini kwangu?" Nikamwambia wanataka kujua kama wewe ni wewe. Akafikiri. "Na nikiwa siye?"

Fedha ziliingia Agosti 2024, shilingi 600,000 na kitu baada ya makato. Tulikarabati jabia moja na kuanza la pili. Siku ya kwanza niliteremka kwa ngazi na tochi. Ndani ni baridi, pananuka chokaa mbichi na majani yaliyooza, na sauti yako inakurudia mara mbili. Fundi akanionyesha ufa: ulianza kwenye kona kama uzi, ukapanda ukutani, na alipofika kiunoni akaingiza kalamu yangu ya Bic mpaka kifuniko. Nikasimama nikiitazama ile kalamu imening'inia ukutani. Nilikuwa nimeuandika ufa huo arubaini na moja mara na sikuwahi kuuona. Waliuchimba wote kwa tindo mpaka ukawa mfereji, wakaujaza, wakasakafia upya. Mvua ya vuli ilipokuja, yule mwanamke mwenye ufunguo alitumbukiza mti, akautoa, akanipigia simu: "Yamefika kwenye fundo la tatu." Sikujua fundo la tatu ni wapi, lakini kwa sauti yake nilijua ni juu.

Ripoti walitaka kurasa mbili na picha. Niliongeza na risiti ya puli mbili, kwa tabia ya kazi.

Yule Bibi amefariki mapema mwaka jana. Mjukuu aliandika kwamba bodi itakaa upya, na mjomba ndiye mwenyekiti sasa. Fungu lake dogo bado analo, lakini ile ya shule haijulikani. Mwalimu ameanza kuniuliza mimi namna ya kusoma zile fomu. Watoto mia na zaidi wanategemea kikao cha watu watano wenye msiba. Sina hasira nao, lakini nikisikia mtu anasema fedha za familia ni nyepesi kuliko za serikali, namkumbuka Mwalimu.

Basi hizo ndizo fikra zilizonikosesha usingizi usiku ule wa birika. Asubuhi nilirudi kwa Ami kuchukua daftari langu, na ile barua ya tisa ilikuwa bado pale juu ya sinia, ina duara la kahawa katikati ya bajeti. Nikaitia mkobani. Sikumwambia.

Mwaka huu tulipokaa tena nilisema. Nilisema maduka yameongezewa kodi, imebaki shilingi 18,000 juu ya mwaka jana, nami naomba itengwe kwa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua. Shangazi akasema hiyo ni kutupa mali ya wakfu baharini. Binamu akasema, je akiwa mwongo? Nikasema hata tunaowajua wamo, na watu wawili wakatazama chini. Karatasi ya mzee inasema mtaa, akasema Shangazi. Nikasema inasema pia mafuta. Ami alinyamaza muda mrefu, akizungusha kikombe. Kisha akasema, "Mwanangu, ndoo uketi karibu," nami nikajongea, akaniuliza taratibu, bila kejeli:

"Tumekubali. Sasa mtu tusiyemjua, mji huu, tutampata wapi?"

Nikatoa ile barua. Akaitambua kwa duara la kahawa.

Nambari ya simu iliyo chini ya muhuri haipatikani. Nimejaribu siku nne. Jumamosi nafunga duka saa sita, navuka Mokowe, na huko nitachukua pikipiki mpaka Hindi nikaulize chuo kisicho na madawati ni kipi. Bei ya mbao imepanda tangu aandike. Nimeshapiga hesabu mpya, nimeziandika nyuma ya karatasi yake.